Wale wanajeshi wa Kiska walitolewa kweli ama ni muvi tu?

SWALI: Mhariri, mambo. Wikendi tuliangalia na mjomba muvi ya zamani ya Kijapani, haina hata rangi, wanajeshi wamekwama kisiwani halafu meli zinakuja kuwatoa kwa ukungu. Mjomba anasema huo ni uongo, ati Wamarekani walikuwa na rada wangewaona. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nani mkweli? Msomaji, Kayole

JIBU: Mwambie mjomba polepole maana ni mkubwa wako, lakini kisa ni cha kweli. Hiyo ni Kiska ya 1965, anayeigiza amiri ni Toshiro Mifune, na zile meli za kuchezea ni kazi ya Eiji Tsuburaya, yule yule wa Godzilla.

Ilikuwa Julai 1943, Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa cha Kiska, kimoja cha visiwa vya Aleutian huko Alaska. Mwezi Mei Wajapani zaidi ya elfu mbili walikuwa wamekufa karibu wote wakipigana na Wamarekani kisiwa cha Attu, hukohuko Aleutian, kwa hivyo wa Kiska walijua wao ndio wanafuata.

Sasa rada. Usiku wa tarehe 26 manowari za Marekani ziliona vitu kwa rada zikapiga mizinga weee, kumbe hakukuwa na meli hata moja, halafu zikaenda kujaza mafuta. Tarehe 29 Wajapani wakaingia na ukungu, ule mzito kama wa Limuru mwezi wa saba, wakabeba watu 5,183 kwa dakika kama 55. Hapa tao matatu ya watu 33 inamaliza dakika hizo ikingoja abiria wawili! Bunduki zilitupwa baharini ndio watu wapande haraka.

Lakini mimi kilichonishika ni safari ya kwanza. Katikati ya Julai amiri Masatomi Kimura, kwa muvi wamembadilisha jina, alifika karibu ukungu ukaisha, akageuza meli akarudi mikono mitupu na mafuta yenyewe ni ya kuhesabu, wakubwa wakamsema vibaya sana. Kukaa ungoje ukungu mwingine na watu wanakuona mwoga, hiyo si mchezo.

Na umwambie mjomba hii pia: Agosti 15 Wamarekani na Wakanada kama 34,000 wakaanza kushuka Kiska, wakakuta mbwa tu. Kwa ukungu huohuo wakapigana risasi wao kwa wao.