Mkufunzi, wape wanachuo ushahidi unaogombana

Vyuo vya ualimu havikosi kipindi cha fikra tunduizi, yaani kupima hoja na ushahidi kabla ya kuzikubali. Mkufunzi anaandika maana ubaoni, anaorodhesha sifa, wanachuo wananakili, na kwenye jaribio wanazirudisha kama walivyozipokea. Wakienda mazoezi ya kufundisha, ukikaa nyuma ya darasa kuwakagua unasikia "Tumeelewa?" na "Ndiyooo!" ya watoto themanini. Kama ndiyo kwanza unaanza ukufunzi, kipindi hicho kipunguze kadiri uwezavyo. Fikra tunduizi ziingize ndani ya somo lako lenyewe.

Mimi nafundisha mbinu za kufundishia historia, na kwa bahati Ujiji iko hapahapa Kigoma. Wanachuo wanakuja wakijua kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale tarehe 10 Novemba 1871. Nawapa karatasi mbili: moja yenye tarehe hiyo, kama ilivyo katika kitabu cha Stanley, nyingine kutoka shajara ya Livingstone, inayouweka ujio huo mwishoni mwa Oktoba. Kisha nanyamaza. Mwanzoni wananitazama mimi, wakingoja jibu. Wakiona halitoki, wanaanza kubishana wao kwa wao. Nani aliugua njiani akapoteza hesabu ya siku? (Wote wawili waliugua.) Nani alikuwa mwandishi wa gazeti, New York Herald, mwenye habari ya kuuza? Hapo ndipo nawaambia kwamba kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano wenyewe zilichanwa, kwa hiyo hata ile salamu yake maarufu, "Dk. Livingstone, nadhani?", ina mashaka.

Swali ninalolipenda kuliko yote huja likiwa limechelewa: na watu wa Ujiji, wao walisema nini? Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwapo, ndiye aliyekimbia kupeleka habari. Lakini tunamsikia kupitia kalamu za Wazungu walewale wawili. Darasa likifika hapo, usilikatize hata kengele ikigonga.

Yote hayo ni burudani tu kama hayaingii kwenye andalio la somo. Mtake kila mwanachuo aandike humo angalau swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni, na akishaliuliza, asubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu au zaidi, majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujitokeza. Ukiwa mkaguzi, hesabu kimyakimya. Sekunde tatu mbele ya darasa si mchezo, mwalimu mgeni huziona kama kiangazi kizima.

Watakuambia darasa limejaa. Kweli limejaa. Basi kila mtoto aanze kwa kumweleza jirani yake wa dawati, kisha wachache waseme kwa wote.

Kazi ngumu iko kwenye mtihani wako wa chuo. Ukiuliza "taja sifa tano", wanachuo watajua ni kipi unachokithamini kwa kweli. Weka maelezo mawili yanayopingana, na alama zifuate sababu anazotoa. Kusahihisha kunachosha zaidi, sikufichi. Kaeni idara nzima kabla ya mtihani mkubaliane namna ya kuzipima hoja, la sivyo jibu lilelile litapata mbili kwako na nane kwa mwenzako, na muhula unaofuata wote watarudi kukariri.