Mwanangu anataka chai na maandazi tu, ugali hagusi

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina mtoto wa kiume ana miaka 2 na miezi mitatu, tuko huku Ujiji. Zamani uji alikuwa anamaliza bakuli, ila siku hizi ukimpa ugali na dagaa anafumba mdomo, matonge mawili basi. Chai na maandazi ndo hachoki, na biskuti. Bibi yake anasema nimbane pua nimnyweshe uji kwa nguvu, nimefanya hivyo mara mbili akatapika wote na sasa akiona tu kijiko analia. Naogopa atanikondea. Mama K.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hilo la kumbana pua acha leo leo, maana uji unaweza kumpalia ukaingia njia ya hewa na ni hatari kweli, halafu ndo hivyo sasa kijiko kimeshakuwa adui.

Mtoto akishavuka mwaka mmoja hakui tena kwa kasi ile ya mwanzo, kwa hiyo hamu ya kula inapungua yenyewe, sio kiburi wala hajarogwa. Ila hebu ihesabu siku yake: asubuhi chai na andazi, saa nne biskuti, labda na chai tena kwa bibi, sasa saa saba hiyo njaa ya ugali itoke wapi na katumbo kenyewe ni kadogo vile? Tena chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Hiyo chai mwachishe kabisa. Asubuhi mpe uji wa maziwa au karanga, katikati akitaka kitu mpe ndizi au parachichi, kiu ni maji.

Dagaa nao, wangu wa pili alikuwa anawachambua mmoja mmoja anawapanga pembeni ya sahani, vichwa vyote upande mmoja, na ugali hagusi. Nikaanza kutoa vichwa, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta, natwanga mpaka unga, kijiko kimoja naweka kwenye maharage ya kuponda yenye mawese. Akala. Na mawese yetu yale mekundu yana vitamini A nyingi, ila usiyachome mpaka yakapauka, inapotea.

Akikataa chakula kipya usikate tamaa siku ya tatu, wengine mpaka wamekionja mara 10 hata 15 ndo wanakubali. Weka kidogo tu pembeni ya kile anachopenda, kwenye sahani yake mwenyewe, amege kwa mkono wake achafuke anavyotaka, na ikipita kama nusu saa toa sahani bila kugomba.

Kliniki nenda naye mwezi huu, wapime uzito waangalie mstari kwenye kadi unapanda au umelala, na wampime unene wa mkono wa juu kwa ule mkanda wao, ikisoma chini ya sentimita 12.5 aanze kuhudumiwa siku hiyo hiyo. Ulizia na dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, ni kila miezi 6. Ukiona anakula udongo au miguu imevimba usisubiri tarehe.

Bibi usigombane naye, anampenda mjukuu wake. Mwombe yeye ndo awe anatwanga hao dagaa, na mtoto akae hapo hapo kwenye kinu, akitaka kuonja aonje.