Papa anafunga meno, shangazi anasukuma kijiko
Mama Muuguzi anajibu barua za wasomaji

Mama, salamu nyingi kutoka Kadutu, Bukavu. Papa yangu ana miaka 71. Kansa ilianzia kwenye tezi dume, sasa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Wiki tatu zilizopita hospitalini walituambia hawana la kufanya tena, turudi naye nyumbani. Walinipa chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu, na karatasi, basi. Kaka zangu walioko Goma wanapiga simu wanasema dawa hiyo itammaliza, kwa hiyo ninampa tu akilia sana. Shangazi amehamia kwetu, kila mara anamsukumia uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, papa anafunga meno. Majirani wanasema ninamuua kwa njaa. Usiku ninabaki naye peke yangu na ninaogopa. Nitajuaje kwamba saa yake imefika? – Binti yake, Kadutu

Binti yangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye neno "basi". Mama aliyejifungua haruhusiwi kutoka wodini kabla hajaonyeshwa namna ya kumshika mtoto, kumnyonyesha na kutunza kitovu. Wewe umekabidhiwa mzee mwenye maumivu ya mifupa, na hukuonyeshwa hata namna ya kumgeuza kitandani. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 32, na hili nalisema mbele ya wenzangu: kosa ni letu, si lako. Tena si kweli kwamba hakuna la kufanya. Kuponya ndiko kulikoshindikana. Kutuliza maumivu, kumsafisha, kukaa naye, yote hayo bado yapo.

Tuanze na chupa, maana papa anaumia leo. Kinachommaliza ni kansa. Mofini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, haimfupishii mgonjwa maisha. Shida iko kwenye kungoja alie. Dawa hiyo hukaa mwilini kama saa nne tu, kisha nguvu yake inaisha. Ukingoja, maumivu yanamtangulia, na kila mara unaanza upya kuyakimbiza. Mpe kwa saa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Muulize daktari kama hicho cha usiku kinaweza kuwa maradufu, ili nyote wawili mlale mpaka alfajiri. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani.

Kutoa dawa kabla maumivu hayajarudi si wazo langu. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, ndivyo alivyofundisha katika hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, aliyoifungua London mwaka 1967. Na kaka zako waambie habari za karibu zaidi: Kampala kuna hospisi tangu 1993, inayotoa mofini ya maji kwa wagonjwa walioko majumbani kwao. Wanaitia rangi kulingana na nguvu yake ili familia zisikosee, ya kijani ndiyo nyepesi. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hii kuiandika wenyewe.

Siku mbili tatu za kwanza za kuipata kwa saa, papa anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, hayo hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo sasa hivi, usingoje atimize siku tano. Ukimwita na kumtikisa haamki, na pumzi zake zimekuwa za nadra sana, usimpe kipimo kinachofuata, mpigie daktari. Jambo jingine, kwa sababu kansa iko mgongoni: miguu ikilegea ghafla au mkojo ukagoma kutoka, mrudishe hospitalini siku hiyohiyo.

Sasa uji. Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mama yangu alifia kwangu, Bagira. Nilikuwa muuguzi mwenye uzoefu, nimefunga macho ya wengi, lakini kwa mama yangu nilikuwa mtoto tu. Nilikuwa na kikombe cha uji wa sosoma, na kitenge nimekikunja chini ya kidevu chake. Kijiko cha kwanza kilimtiririkia shingoni. Cha pili nilikipitisha kati ya meno kwa nguvu. Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa baridi, akanitazama, akapaliwa. Siku mbili zilizofuata alipumua kwa mkoromo, na ule uji ulikuwa kifuani mwake. Hakuwa amenikatalia mapenzi yangu. Mwili wake ulikuwa umemaliza safari ya chakula.

Ndivyo ilivyo, binti yangu. Mtu anayekaribia mwisho hafi kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula kwa sababu anakufa. Tumbo linapunguza kazi, koo linadhoofika, njaa yenyewe inaondoka. Akitaka vijiko viwili vya mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mpe akiwa ameketi, kisha umwache. Akifunga meno, amekujibu.

Usimfukuze shangazi. Amezaliwa tumbo moja na papa, na kulisha ndiyo lugha aliyofundishwa ya kumpenda ndugu. Mpe kazi nyingine ya mdomo huohuo: kitambaa laini kilicholowa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, apanguse ulimi, ufizi na ndani ya mashavu kila baada ya saa mbili, kisha apake midomo vazelini. Kiu ya mgonjwa wa namna hii iko zaidi mdomoni. Nimeona mashangazi wakitulia kabisa wakishapewa kitambaa hicho.

Mgeuzeni kila saa mbili, wawili wawili, kwa kuvuta shuka iliyo chini yake, si mikono. Weka mto kati ya magoti. Ngozi ikiwa nyekundu usiisugue. Najua kwenu maji yanapandishwa kilima kwa bidoni, na shuka za mgonjwa hazingoji. Wale majirani wanaosema, waombe bidoni mbili kwa siku. Siku ya kilio watachanga pesa za sanduku bila kuombwa. Ni halali yako kuwaomba leo, papa akiwa bado anasikia.

Saa ikikaribia utaona anasinzia muda mrefu zaidi, mkojo unakuwa kidogo na mweusi, mikono na miguu inapoa. Pumzi zitasimama, utadhani ameondoka, kisha zitarudi. Anaweza kukoroma kooni. Mlaze kwa ubavu, inua kichwa kidogo. Sauti hiyo inatutesa sisi tunaosikiliza kuliko yeye. Sema naye, masikio huwa ya mwisho kulala. Wanakwaya wakija, waimbe chinichini. Usiku huo usiwe peke yako: kaka mmoja apande boti aje, simu hazimgeuzi mgonjwa.

Na kesho, au mtu wa kukupokea akipatikana, rudi kule hospitalini na karatasi yako. Usiombe dawa kwanza. Waambie: nionyesheni kwa mikono, nifanye mbele yenu.

Mke wangu ana kansa ya titi, kidonda kinanuka. Wageni hawaji tena, na yeye anageukia ukutani. – Mume, Himbi, Goma

Baba, chemsha maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, yapoe. Lowesha kitambaa kilichogandia kidonda kwanza, usikivute kikavu, kitatoa damu. Kidonda kikishasafishwa, nyunyizia unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, kisha funika kwa vitambaa laini vya pamba vilivyochemshwa na kukaushwa juani. Fanya hivyo kila siku. Harufu inapungua baada ya siku chache, na duka lolote la dawa pale mjini litakuwa na vidonge hivyo. Wewe mwenyewe kaa upande ule wa ukuta, ili akigeuka akukute.

Wajukuu wa miaka sita na tisa, tuwaruhusu kuingia chumbani kwa koko anayekufa? – Mama wa wawili, Bagira

Waruhusu. Waambie kwanza watakachokiona: koko amekonda, analala sana, hatapona. Usiwaambie amelala tu, wataogopa kulala wao. Yule wa miaka sita ashike kikombe cha maji, yule wa tisa apake vazelini midomoni mwa koko.