Bajeti ya zimamoto isiishie kwenye mpira wa maji

Kama unaandaa maombi ya fedha ya kituo cha zimamoto Mtwara au Lindi, usisubiri wabunge wakutane Dodoma mwezi wa nne. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini makadirio hukusanywa miezi mingi kabla. Na ukiandika "mafunzo kwa askari" bila mchanganuo, kasma hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Andika vitu, idadi na siku. Kisha upimaji wa saratani uweke humohumo kwenye kasma ya mafunzo, usiupeleke idara nyingine.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la 1, yaani mambo yaliyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Ushahidi ulitosha kwa saratani mbili: ya kibofu cha mkojo, na mesothelioma, ambayo hushika zaidi utando wa mapafu na chanzo chake kikuu ni asbesto. Mapaa ya zamani ya asbesto bado yapo, na yakipasuka kwa moto hutoa vumbi usiloliona.

Huku kusini kuna jambo la ziada: salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho, maghala hujaa mifuko ya salfa ya unga ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikishika moto huyeyuka na kutiririka, mwali wake wa bluu hauonekani vizuri mchana, na moshi wake hukaba koo papo hapo. Ukiipiga kwa maji ya nguvu unautimua unga, na unga ukiwa hewani hulipuka. Kwa hiyo zoezi la kuzima moto wa salfa lifanyike kwa maji ya ukungu, kila anayeingia akiwa na mtungi wa hewa.

Kwenye mitungi ndipo fedha nyingi hupotea. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 una takriban lita 2,000 za hewa. Muuzaji atakwambia dakika 50, akihesabu lita 40 kwa dakika. Mtu anayeburuta mpira ghalani kwenye joto huvuta hata mara mbili ya hizo, tena lazima abakishe hewa ya kutokea. Panga dakika 20. Ukinunua mitungi bila kompresa ya hewa ya kupumua na vichujio vyake, baada ya zoezi la kwanza imekuwa pambo, na askari watapekua majivu bila barakoa wakati gesi bado zinatoka. Weka pia gharama ya kuipima mitungi kwa shinikizo la maji, kwa kawaida kila miaka 5.

Usafi hauna gharama kubwa. Askari akitoka motoni asuguliwe kwa maji, sabuni na brashi kabla hajavua barakoa. Suti ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, isipande kwenye kabini ya gari. Aoge ndani ya saa moja. Kila mmoja awe na vitambaa viwili vya kufunika kichwa na shingo, maana ngozi ya shingo hupitisha masizi kwa urahisi. Askari 20, vitambaa 40. Suti isifuliwe kwa jiki wala kuanikwa juani, kwani jua hudhoofisha nyuzi zake. Ianikwe kivulini penye upepo.

Sasa upimaji. Hakuna kipimo kimoja cha saratani zote, anayekuuzia hicho mkwepe. Kwa kibofu, anza na vijiti vya kupima damu kwenye mkojo. Kopo likishafunguliwa, vijiti huharibiwa na unyevu wa pwani, hivyo pimeni kikosi kizima wiki moja.

Tatizo la ukanda huu ni kichocho. Askari akikojoa damu anaambiwa, "Hiyo kichocho tu, bwana," anapewa vidonge, basi. Kichocho kinawezekana kabisa, lakini kichocho cha mkojo chenyewe nacho huleta saratani ya kibofu. Mkojo wa kutafuta mayai ya minyoo ya kichocho uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Akikutwa nayo atibiwe, kisha apimwe tena baada ya wiki 4 hadi 6. Damu ikiwa bado ipo, au mayai hayakuonekana tangu mwanzo, aende kwa utrasaundi na kamera ya kibofu. Na kijiti kisipoonyesha kitu hakimwondolei shaka aliyewahi kuona damu kwa macho, maana hutoka na kukata. Anayevuta sigara afuatiliwe kwa karibu zaidi. Askari wa kike wa miaka 30 hadi 50 wapimwe na shingo ya kizazi.

Kila askari awe na daftari lake mwenyewe: tarehe, kilichoungua, dakika alizokaa ndani, alivaa mtungi au la, alioga saa ngapi. Mesothelioma hujitokeza hata baada ya miaka 30 au 40, na kumbukumbu za kituo hazimfuati mtu akihamishwa.

Mwisho, kasma ya rufaa. Kutoka hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, mgonjwa anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Andika nauli ya watu wawili, malazi, na siku za ruhusa zenye malipo. Vikikosekana, barua ya rufaa hukaa mfukoni hadi ichakae.