Ini Lenye Mafuta na Saa ya Kurudishiwa Damu: Niliyojifunza Nilipomchangia Kaka Yangu

Katika picha ya altrasaundi ini langu lilionekana jeupe kuliko figo iliyo jirani yake, na daktari wa Dar es Salaam alinionyesha tofauti hiyo kwa ncha ya kalamu, akanieleza kwamba weupe ule ni mafuta. Nilikuwa nimekwenda kupimwa ili nimchangie kaka yangu, ambaye homa ya ini ya B ilikuwa imelijaza ini lake makovu, naye alikuwa ameshapangiwa kupandikizwa ini jingine nchini India. Makundi yetu ya damu yalipatana. Sinywi pombe, sikuwa na maumivu yoyote, na kilo zangu 81 hazikuwa zimewahi kunisumbua. Madaktari wa Delhi walipopitia majibu yangu, walituambia kwa upole lakini bila kuzungusha maneno kwamba ini lile halikubaliki kwa sasa, na kwamba nirudi kupimwa baada ya wiki 10, nikiwa nimepungua.

Wifi yangu aliuliza swali ambalo nadhani kila familia katika hali hii hujiuliza: ikiwa ini hili linafanya kazi bila tatizo ndani ya mwili wa dada, kwa nini lishindwe ndani ya mwili wa kaka? Jibu lake ndilo linalonifanya niandike makala hii, kwa sababu sisi tulilipata tukiwa tumechelewa, na laiti tungelijua mapema, tungeanza maandalizi miezi mingi kabla.

Ini hupokea damu kwa njia mbili: takriban robo tatu ya damu hiyo huja kwa mshipa mkubwa unaokusanya damu ya utumbo na wengu, na sehemu iliyobaki huja kwa ateri. Kipande cha ini kinapotolewa kwa ajili ya mgonjwa, njia zote mbili hufungwa, kipande husafishwa kwa maji maalumu ya baridi, kisha huhifadhiwa kwenye barafu mpaka kiunganishwe upya. Baridi hupunguza kasi ya uhai wa seli bila kuusimamisha kabisa, na kwa hiyo seli huendelea kutumia akiba yao ya nguvu huku oksijeni haiji. Ndani ya mitokondria, ambavyo ni vinu vya nguvu vya seli, hurundikana mabaki yasiyochomwa, hasa kemikali iitwayo suksineti.

Lililonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokea damu inaporudi, ingawa mtu angetarajia kwamba hapo ndipo ini linapookolewa. Oksijeni ikiingia kwa ghafla, mitokondria huyachoma yale mabaki kwa pupa na kutoa chembe kali ziitwazo radikali huru, ambazo hushambulia kuta za seli zenyewe. Ni kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu: upepo ukilipiga ghafla, cheche huruka kabla moto haujatulia. Baada ya hapo seli za Kupffer, walinzi wanaoishi ndani ya ini, huamka na kuziita chembe nyeupe za damu, na uvimbe unaofuata huongeza madhara kwa saa nyingi baada ya mishipa kufunguliwa.

Mafuta huyazidisha haya yote. Tone kubwa la mafuta hukisukuma kiini cha seli pembeni na kuivimbisha seli yenyewe, hata vijia vyembamba vya damu vilivyo kati ya seli vikabanwa, na damu ikawa haipiti vizuri ijapokuwa milango mikubwa imeshafunguliwa. Vinu vya nguvu vya seli ya namna hiyo huwa dhaifu tangu mwanzo. Tena mafuta yenyewe ni kuni kwa radikali huru: huharibika mfano wa tui lililochacha, na kila tone linaloharibika huambukiza la jirani. Seli yenye mafuta, basi, yaweza kuishi miaka mingi kwa amani mradi damu haijakatika, na ikashindwa kuvumilia saa moja ya kukatiwa na kurudishiwa.

Kwa sababu hiyo madaktari huhesabu ni seli ngapi zenye matone makubwa. Zikiwa chini ya asilimia 30, mafuta huitwa ya kiasi kidogo; kati ya 30 na 60, ya wastani; na zaidi ya hapo ini la marehemu kwa kawaida hukataliwa. Kwa mchangiaji aliye hai masharti ni makali zaidi, na naona ni haki yawe hivyo, kwa kuwa watu wawili hutegemea ini moja: kipande kinachobaki kwa mchangiaji hakipaswi kuwa chini ya asilimia 30 ya ini lake zima.

Madaktari wa upasuaji nao wana mbinu zao. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow alieleza namna ya kuibana mishipa inayoingia kwenye ini ili kuzuia damu isimwagike, na hadi leo wanaokatwa uvimbe wa ini hubanwa hivyo, mara nyingi kwa dakika 15 na kuachiwa 5, kisha kubanwa tena. Mwaka 2003 madaktari wa Zürich walitoa matokeo ya wagonjwa 100, ambao baadhi yao walibanwa kwanza kwa dakika 10 na kuachiwa 10 kabla ya kubanwa kwa muda mrefu, kana kwamba ini linazoezwa shida kidogo kidogo. Zoezi hilo lilipunguza madhara, na miongoni mwa walionufaika zaidi walikuwa wenye maini ya mafuta.

Kuna pia mashine. Badala ya kuliacha ini la marehemu kwenye barafu tupu, hupitishiwa maji ya baridi yenye oksijeni ili mabaki yale yachomwe taratibu kabla damu ya moto haijafika, au hupitishiwa damu yenye joto la mwili ili lipimwe likiwa linafanya kazi. Katika utafiti wa Birmingham uliochapishwa mwaka 2020, maini 31 yaliyokuwa yamekataliwa na vituo vyote vya Uingereza yaliwekwa kwenye mashine ya joto, na 22 kati yake yakapandikizwa. Hiyo ni habari ya matumaini makubwa, lakini mashine hizo hutumika zaidi kwa maini ya marehemu, tena katika nchi zenye uwezo. Kwa ndugu anayetoka Tanga au Mombasa kwenda kumchangia nduguye, kinga iliyo mikononi mwake ni zile wiki za kabla ya upasuaji.

Mimi nilianza na sukari. Ini hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta, hivyo chai yangu ya vijiko vitatu ikawa haina sukari, na soda na juisi zikatoka nyumbani kabisa, hata kwa watoto. Mtaalamu wa lishe alinipangia chakula: samaki wa kuchoma, maharage, mchicha na matembele kwa wingi, na ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Nilitembea dakika 45 kila alfajiri. Nilijipima kila Ijumaa asubuhi kabla ya kula, na nikaandika namba kwenye kalenda ya ukutani ili mama naye azione, kwani ndiye aliyekuwa akinisihi niongeze wali. Katika wiki 10 nilifikia kilo 73. Mwili ukipungua kwa asilimia 7 hadi 10, mafuta ya ini kwa kawaida hupungua waziwazi, na ndivyo ilivyokuwa kwangu: kipimo cha pili kilinipa ruhusa.

Nawaomba sana msijinyime chakula kabisa kwa kutaka haraka. Kupungua kwa ghafla bila protini ya kutosha huweza kulidhuru ini na kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mwenye kisukari asibadili mlo bila daktari wake kurekebisha dawa. Shangazi yangu aliniletea chupa ya dawa ya kusafisha ini. Nilimshukuru kwa moyo wote na sikuinywa, maana baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe, na daktari hana njia ya kujua umekunywa nini usipomwambia. Muulizeni pia daktari wa upasuaji ini litakaa muda gani bila damu, na kama amezingatia mafuta katika kuupanga muda huo. Sisi tuliuliza, naye akachukua karatasi na kutuchorea.

Jambo la mwisho ni vimeng'enya vya ini, yaani kemikali za ndani ya seli zake, ambavyo hupimwa kwenye damu kila siku baada ya upasuaji. Siku ya kwanza namba za kaka zilipanda sana, na wifi yangu alilia pale korido akidhani ini limekataa. Muuguzi alimkalisha chini, akamweleza kwamba seli zilizoumia damu iliporudi humwaga vimeng'enya hivyo, na kwamba kupanda kwa siku moja au mbili hutarajiwa. Cha kuangalia ni mwelekeo wa namba na kama nyongo inatoka. Siku ya tatu namba zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya nusu, na kwenye mrija mwembamba uliotoka ubavuni mwa kaka ilikuwa ikipita nyongo ya rangi ya dhahabu iliyokolea.