Anza na shimo la bwawa, chumba kitafuata

Dada mmoja wa Kibaha ameniandikia: “Dada, nyumba yetu ni ya vyumba viwili na sebule. Tunaongeza chumba cha watoto, na mume wangu anataka kabwawa ka kuogelea uani. Tuanzie wapi?” Mafundi watakwambia maliza nyumba kwanza, bwawa ni anasa. Mimi nakwambia anza na shimo.

Kwetu Kigamboni tulichimba kabla ya msingi wa chumba. Ubavuni mwa nyumba kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilikuwa kinapita; leo chumba kipya kimeziba, hata toroli linapita kwa kubembelezwa. Halafu kuna kifusi. Mchanga wa shimoni ndio tuliojazia msingi, tukaumwagia maji na kuushindilia tabaka kwa tabaka, hatukununua tripu hata moja. (Kama udongo wa kwenu ni mfinyanzi, usijazie. Ukilowa hufura ukapasua sakafu.) Jirani yangu aliwasikiliza mafundi, na udongo wake ukatolewa kwa ndoo kupitia jikoni. Simcheki, ila nilimwambia.

Mama mkwe alipoona shimo aliuliza, “Mnachimba bahari, na bahari iko pale?” Sasa wajukuu wakiwa majini, kiti cha kivulini ni chake.

Letu ni mita 5 kwa 2.5, kina mita 1.2. Hizo ni lita 15,000, yaani boza la lita 10,000 na nusu ya lingine. Ni tani 15 za maji, kwa hiyo tofali tupu hazifai: suka nondo, mwaga zege. Kabla ya vigae jaza maji, weka alama ya penseli ukutani, na kando weka ndoo ya maji yenye alama yake. Jua hukausha kote kuwili. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja.

Fundi wangu wa kwanza alilidharau jaribio hilo. “Mama, huniamini?” Nilimwamini, ndiyo maana hela yote ya vigae alikuwa nayo yeye. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka vidole vinne, ndoo haijapungua hata kimoja. Akasema anakwenda Kariakoo kufuata dawa ya kuzuia maji. Simu haipatikani hadi leo. Jamani, mlipe fundi kwa hatua! Nondo zimesukwa, lipa. Zege limeshika, lipa. Akikuletea habari za mgonjwa nyumbani, mpe pole, lakini hela ya hatua inayofuata ikae kwako. Nasema tena, kwa hatua.

Pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi saa 6 kwa siku inakula karibu uniti 135 kwa mwezi. Kama uko kwenye bei nafuu ya TANESCO ya wasiozidi uniti 75, iage.

Na wazazi wenzangu, tusidanganyane: usijaze maji kabla ya uzio wenye geti linalojifunga lenyewe. Ukuta wa kiwanja si uzio wa bwawa, kwa sababu mtoto wako hatokei mtaani, anatokea jikoni. Kama hela ya uzio haipo, hela ya bwawa haipo.

Dada wa Kibaha, nitumie picha ya uani kwenu, na unionyeshe karo la choo liko upande gani. Usiite kijiko cha kuchimbia kabla sijaiona.