Mshono wa nyasi bandia umeachia: gundi na misumari vinatosha?

SWALI: Habari fundi. Nyuma ya nyumba yetu Mbezi Beach tuna kiwanja kidogo cha nyasi bandia, mita 8 kwa 12, wanangu wanachezea mpira na watoto wa jirani. Chini ni vumbi la kokoto lililoshindiliwa. Kapeti ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati. Tangu masika yaishe, maungio yameachia kama mita mbili karibu na goli, ukingo mmoja umenyanyuka na juzi mtoto amejikwaa hapo. Aliyetuwekea hapokei simu. Fundi mwingine anasema apige misumari ya inchi nne na gundi ya viatu, kazi ya nusu saa. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, dada. Msumari kwenye vumbi la kokoto haushiki kwa uhakika. Watoto wakikimbia juu yake unalegea, kichwa kinapanda taratibu kati ya nyasi, na kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu utakuwa na kutu kabla ya vuli. Huo ndio utakaomchana mtoto goti. Gundi ya viatu nayo hulainika kwa joto, na nyasi bandia juani hupita nyuzi 60 kirahisi.

Ila hata gundi sahihi usiinunue leo. Funua kwanza uone kilichoachia ni nini.

Subiri umande ukauke, saa tatu asubuhi hivi. Kwa ufagio mgumu sukuma mchanga na punje za mpira mbali na mshono, nusu mita kila upande, uzizoe ziwekwe kwenye ndoo maana utazirudisha. Halafu pindua kingo zote mbili kama kurasa za kitabu, uangalie mgongo wa kapeti na mkanda uliolala chini, yaani kile kitambaa kinachopakwa gundi ili kushika vipande viwili pamoja. Swali ni moja: gundi imebaki wapi?

Ikiwa imebaki yote kwenye mkanda, uso wake unang'aa na mistari ya meno ya mwiko uliotandazia gundi bado inaonekana, kapeti halikuwahi kushika. Gundi ilishaanza kukauka lilipolazwa, au hakuna aliyelikandamiza. Ukikuta gundi ina vitundu kama sponji, kulikuwa na unyevu siku ile: gundi ya poliyurithani ikikutana na maji hutoa gesi, ikaumuka na kubaki dhaifu. Gundi ikiwa na vumbi upande mmoja, hilo halihitaji maelezo. Hayo matatu ni makosa ya siku ya kazi, na ndiyo nafuu kuyatengeneza.

Gundi ikiwa imeng'oka pamoja na ile ngozi nyeusi ya mgongo wa kapeti, ikaacha kitambaa kitupu, hali ni nyingine. Ngozi hiyo mara nyingi ni lateksi, aina ya mpira, na lateksi ikikaa majini muda mrefu hulainika na kubanduka. Kwa kuwa kwako imeanza baada ya masika, na ni karibu na goli ambako ardhi hukanyagwa zaidi, hili ndilo ninaloshuku. Weka rula ndefu ya alminiamu, ile ya mafundi plasta, juu ya vumbi la kokoto. Chini yake kukiwa na bonde la kina cha sentimita moja, maji yanatuama hapo. Ongeza vumbi la kokoto, lowesha kidogo, shindilia, acha pakauke kabisa. Ukigundisha juu ya bonde, masika ijayo utaniandikia tena.

La mwisho: mkanda umekunjamana au umechanika, na gundi imeshika pande zote. Kapeti limevuta. Hutokea likitandikwa na kugundishwa saa saba mchana likiwa limetanuka kwa joto; jioni linajikaza na kuuvuta mshono ambao haujakauka.

Sasa kazi yenyewe. Mkanda wa zamani utoe wote na gundi yake ikwanguliwe. Gundi mpya juu ya gundi mbovu ni kupoteza fedha. Ngozi ya mgongo ikiwa imebanduka, kata kipande hicho chote, kwa upande wa chini, ukifuata nafasi kati ya mstari mmoja wa mshono wa kiwandani na mwingine. Ukikata kwa juu utanyoa nyasi. Pachika kipande kipya chenye upana usiopungua sentimita 30, kutoka kwenye mabaki ya kapeti lilelile kama fundi alikuachia, nyasi zikilalia upande uleule. Zikilalia upande mwingine, kiraka kitaonekana rangi tofauti toka mbali.

Kama kapeti ni zima na pengo ni la milimita chache, sukuma kingo zikaribiane kwa mkono. Pengo likipita kidole, usilivute kwa nguvu ili lifike, litaachia tena. Weka kiraka.

Tandaza mkanda mpya wa sentimita 30, nusu kila upande. Gundi iwe ya poliyurithani ya nyasi bandia. Kama ni ya makopo mawili, changanya mpaka rangi iwe moja, na changanya kidogo kidogo kwani joto letu huigandisha upesi. Itandaze kwa mwiko wa meno, ule wa mafundi tailizi, usipitishe nje ya mkanda ukaziba matundu ya maji. Laza ukingo mmoja, kisha wa pili, ukiacha kati yao upenyo wa milimita mbili tatu hivi, ili umbali wa mistari ya nyasi kwenye mshono ulingane na wa kwingine. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha: nyasi zikinaswa chini ya ukingo haziinuki tena, na mstari unabaki wazi. Zitoe kwa vidole, hatua kwa hatua. Kanyagia, weka viroba vya mchanga mstari mzima, watoto wakae pembeni saa 24, zaidi kama kuna mawingu. Mchanga na punje virudi baada ya hapo.

Na kabla ya kwenda dukani, pita kwa kidole kwenye zile mita zilizobaki za mshono. Zilifungwa siku hiyohiyo kwa gundi hiyohiyo. Panaponyanyuka, panafunuliwa sasa. Ukishajua jumla ya mita, hesabu karibu nusu kilo ya gundi kwa kila mita.